Benchi la Mkwe Wangu

Nyumbani kwetu asubuhi huanza kwa kelele. Mwanangu ni seremala, watu wanamwita Fundi. Jua halijachomoza vizuri, randa yake imeshaanza kulia uani. Mkewe naye anagombana na masufuria jikoni. Mimi nipo kitandani, nasubiri chai na kutoa amri. Mtu mzima ana haki zake.

Chai ikiisha, mkwe wangu huja kunitoa. Miguu yangu haina nguvu tangu nilipoumia uti wa mgongo. Ananiogesha, ananivalisha, ananikalisha kwenye kiti cha magurudumu. Kisha ananisukuma mpaka barazani. Pale ndipo ofisini kwangu. Kila anayepita namwona, na kila ninayemwona lazima anisalimie.

Mkwe wangu anasuka nywele. Mtaa mzima unamwita Msusi. Wateja wake huja pale pale barazani. Yeye anasuka, mimi napiga nao soga. Watu husema mkwe na mama mkwe ni paka na panya. Sisi ni chanda na pete. Tunagombana, ndiyo. Nani asiyegombana na mtu anayekaa naye kutwa?

Shida yetu ilikuwa moja tu, kilima. Nyumba yetu iko juu. Kliniki yangu iko chini, karibu na barabara kubwa. Njia ya kupanda kwetu ni nyembamba, gari halipiti. Siku za kliniki Fundi huwa kazini, anapachika milango kwenye majengo ya watu. Kwa hiyo anayenisukuma ni Msusi.

Siku moja tulikuwa tunarudi. Tulipofika mbele ya duka la mshona nguo, nikasikia pumzi ya mkwe wangu imebadilika.

"Mwanangu, pumzika," nikamwambia.

"Tumeshafika, Mama."

Hatukuwa tumefika. Mikono yake ikaishiwa nguvu. Kiti kikasimama. Halafu, loo! Kikaanza kurudi nyuma. Nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka kliniki. Mshona nguo akatoka mbio, kamba ya kupimia bado iko shingoni. Akakidaka kiti. Hakuna aliyeumia. Lakini Msusi alikaa chini, pale pale njiani, akalia.

Habari mbaya haikosi miguu. Wiki haikuisha, mwanangu mkubwa akaja. Huyo anafanya kazi ofisini, kwenye mji mwingine. Ana nyumba nzuri, haina kilima wala ngazi. Alikaa, akanywa maji, akasema, "Mama anahamia kwangu."

"Kwako kuna nani mchana?" nikamuuliza.

"Kutakuwa na msaidizi, Mama."

"Na wewe je?"

"Mimi na mke wangu tunarudi jioni."

"Kwa hiyo kutwa nzima nitapiga soga na ukuta?"

Mwanangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya haki. Ndiyo maana hata Fundi hakumpinga. Lakini mimi moyo wangu ulikuwa unauma. Nilikuwa nimeshaondolewa miguu. Sasa nilikuwa naondolewa baraza yangu, pamoja na watu wangu.

Msusi ndiye aliyesema. "Shemeji, nipe muda. Nitapata nguvu za kumsukuma Mama."

"Nguvu zinauzwa dukani, shemeji?"

"Nipe miezi mitatu tu."

Mwanangu mkubwa alimtazama, akanitazama mimi. "Sawa. Baada ya miezi mitatu nitakuja siku ya kliniki. Ukimfikisha Mama juu, sitasema tena. Ukishindwa, naondoka naye siku hiyo hiyo."

Basi, kazi ikaanza.

Msusi alikuwa ameona kwenye simu picha za wanawake wakinyanyua vyuma juu ya benchi. Akamwambia mumewe. Fundi hapendi maneno mengi, akichukua msumeno ujue amekubali. Baada ya siku mbili benchi likatokea uani. Vyuma hatukuwa navyo. Wakajaza mchanga kwenye chupa mbili kubwa zenye mshikio.

Nililitazama lile benchi. Lilikuwa na egemeo nyuma, limesimama kama askari.

"Fundi, hiki ni kiti au benchi?"

Wakatazamana, mume na mke. "Ni benchi, Mama," akajibu Fundi haraka haraka.

Mimi mambo ya benchi nayajuaje? Nikawaachia. Kila jioni wateja wakiondoka, Msusi aliketi pale, akasukuma zile chupa kwenda juu. Alifanya kila siku, bila kupumzika. Jasho lilimtoka, nami nikawa namshangilia kutoka kwenye kiti changu. Kumbe nashangilia mtu anayejiumiza!

Mabega yakaanza kumuuma. Mwanzo alificha. Lakini msusi atafichaje mabega? Kazi yake ni kuinua mikono tangu asubuhi. Siku moja mteja alisukwa nusu kichwa, upande wa pili ukabaki umesimama. Msusi alishusha mikono, akasema, "Dada, nisamehe. Njoo kesho tumalizie."

"Kesho? Nipite mjini hivi?"

"Jifunge kitambaa," nikamwambia. "Wanaume wanapita mjini na vipara, hakuna anayewauliza."

Mteja alicheka, akaondoka. Msusi hakucheka. Alikuwa ameshika bega, anaangalia kilima. Tayari mwezi mzima ulikuwa umekwisha, na kilima kilikuwa kilekile.

Siku iliyofuata akaja jirani yetu wa nyumba ya mbele. Yeye tunamwita Kocha. Amesomea mazoezi ya mwili, na kazi yake ni kufundisha wanawake. Alikuja kusukwa, kama kawaida yake. Hakukaa sana kabla ya kugeuka.

"Msusi, leo mbona kila ukiinua mkono unaguna?"

"Mazoezi, Kocha. Nataka nguvu za kusukuma kiti cha Mama."

"Vizuri sana. Nionyeshe unavyofanya."

Tukaenda uani wote, mimi nikisukumwa. Fundi alikuwa huko na randa yake. Msusi akaketi, akachukua chupa, akasukuma juu. Kocha akaangalia mara mbili tu.

"Basi, weka chini. Simama hapa ukutani. Weka kiganja kimoja kifuani, juu kidogo ya titi. Mkono mwingine usukume ukuta kwa nguvu. Umesikia nini?"

"Kifua kimekaza!" Msusi alishangaa.

"Ndiyo. Ukisukuma kitu kilicho mbele yako, msuli mkubwa wa kifua ndio unaofanya kazi. Bega linasaidia, na msuli wa nyuma ya mkono unasaidia. Sasa ukikaa wima namna hii na kusukuma kwenda juu, mzigo wote unakwenda begani. Na mabega yako yanafanya kazi kutwa kwenye vichwa vya watu. Yatapona saa ngapi?"

"Kwa hiyo kosa ni la chupa?"

"Chupa hazina kosa. Kosa ni la pembe ya benchi. Nani aliwaambia mlisimamishe hivi?"

Fundi akaanza kukuna shingo. Msusi akamsogelea Kocha, akamnong'oneza. Kocha akaziba mdomo, mabega yakawa yanatikisika kwa kicheko.

"Ala! Mnanong'ona nini?" nikauliza. "Kilichopooza ni miguu, masikio yangu ni mazima!"

Msusi aliinama chini. "Mama, kwenye picha wanawake walikuwa wamelala chali. Lakini uani ndiyo hapa tu, na wewe unakuwepo. Nitalalaje chali mbele ya mama mkwe? Nikamwambia Fundi aliinue egemeo, nikae kwa heshima."

Nilicheka. Wallahi nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Halafu yale machozi yakawa mengine. Mtoto wa watu alikuwa anaharibu mabega yake kwa ajili ya kunistahi mimi.

"Njoo hapa," nikamwambia. Akaja, akapiga magoti mbele ya kiti. "Wewe ndiye unayeniogesha. Mgongo wangu unaujua kuliko mimi mwenyewe. Leo unaogopa nikuone umelala? Heshima ninayoitaka mimi ni kufika nyumbani salama. Lala chali, mwanangu. Nimekuruhusu mbele ya mashahidi."

"Kweli, Mama?"

"Ukikataa nitalala mimi!"

Fundi hakungoja. Aling'oa egemeo kwa nyundo. Akatundika na shuka kwenye kamba upande wa njia, ili wapita njia wasipate sinema ya bure.

"Usiligonge misumari tena," Kocha akamwambia. "Weka bawaba, ili egemeo lipande na kushuka. Nyuma weka mhimili wa kulishikilia, wenye vituo vitatu. Kituo cha kwanza, benchi lilale kabisa. Hapo kifua chote kinafanya kazi, hasa katikati. Kwa mtu anayetaka nguvu za kusukuma, hapo ndipo pa kuanzia."

"Na cha pili?" Fundi akauliza.

"Mwinuko mdogo. Skwea yako ya kupimia kona ina nyuzi tisini, sivyo? Igawe mara tatu. Fungu moja ni nyuzi thelathini. Kituo cha tatu kiwe nyuzi thelathini, na cha pili kiwe nusu yake. Kwenye mwinuko huo sehemu ya juu ya kifua inafanya kazi zaidi. Ukifika nusu ya kona ya skwea, yaani nyuzi arobaini na tano, mabega yanaanza kuchukua kazi. Ukizidi hapo unafanya mazoezi ya mabega tu. Si mabaya, lakini msusi mabega ameshayafanyisha kazi tangu asubuhi."

"Wengine nimewaona kichwa kiko chini, miguu juu," akasema Fundi.

"Ipo hiyo, inagusa sehemu ya chini ya kifua. Yeye haihitaji sasa. Na mwenye shinikizo la damu asiijaribu kabla ya kumuuliza daktari."

Kabla ya benchi jipya, Kocha alimpumzisha Msusi mpaka maumivu ya bega yakaisha. "Misuli ikichoka ni sawa," alisema. "Lakini maumivu ya kuchoma ndani ya kiungo, simama. Yasipoisha, nenda hospitali. Usijikaze kwenye maumivu."

Kisha wakaanza upya, na walianza ukutani. Msusi alisimama mbali kidogo na ukuta, akaweka viganja, akashuka na kujisukuma. Nikaona kama mchezo wa watoto.

"Ndiyo haya tu?" nikauliza.

"Mama, mtoto hutambaa kwanza," Kocha akajibu. "Akizoea ukuta, atahamia kwenye meza. Akizoea meza, ataweka mikono kwenye benchi. Mwisho atafanya sakafuni, magoti chini. Kadiri mikono inavyoshuka, ndivyo mzigo unavyozidi."

Siku ya kulala kwenye benchi ikafika. Kocha alileta vyuma viwili vya mkono, vyepesi. Msusi alilala chali, akafumba macho kwa aibu.

"Fumbua macho, mama mkwe hang'ati," Kocha akamwambia. "Nyayo zote chini. Vuta mabega nyuma, yabane kwenye benchi. Viwiko visifunguke kama mbawa za kuku, vilete karibu na mbavu kidogo. Kifundo cha mkono kinyooke. Shusha taratibu mpaka usawa wa kifua. Sasa sukuma, na pumzi itoke!"

Akasukuma. Vyuma vikapanda. Nikapiga kigelegele, kuku wa jirani wakakimbia.

"Uzito mzuri ni ule unaoweza kuusukuma mara nane mpaka kumi na mbili," Kocha alieleza. "Zile za mwisho ziwe ngumu, lakini mwendo usiharibike. Pumzika dakika mbili, kisha rudia mzunguko wa pili, na wa tatu ukiweza. Ukifika mara kumi na mbili bila taabu, ndipo uongeze uzito kidogo."

"Kila siku?"

"Ndiyo kosa lako la pili! Mara mbili au tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Msuli unajengeka ukipumzika."

Akamfundisha na kuvuta. Msusi aliinama, mkono mmoja umeshika benchi, mwingine unavuta chuma kuelekea mbavu. Kocha alisema anayesukuma bila kuvuta hupinda mabega mbele, na mwisho huumia. Pia akampa mazoezi ya miguu, kwa sababu kilima hakipandwi kwa kifua peke yake.

Wateja hawakukosa la kusema. Yule wa nusu kichwa, ambaye sasa alikuwa amesukwa chote, alichungulia nyuma ya shuka. "Makubwa haya! Msusi, utaota kifua cha mwanamume. Na matiti yatakauka, shauri yako."

Kocha alikuwepo. "Dada, titi na msuli ni vitu viwili. Msuli uko chini, titi liko juu yake. Mazoezi yanatia nguvu ule wa chini. Hayakaushi titi wala hayaliongezi. Na mwili wa mwanamke haufanyi misuli mikubwa kirahisi. Avae sidiria inayomshika vizuri, basi. Ila mja mzito, au mwenye ugonjwa wa moyo, amwone daktari kwanza."

Yule dada akasogea karibu. "Kwani wakati gani mnafanya?" akauliza.

Wiki ile ile walikuwa wawili nyuma ya shuka.

Bandu bandu huisha gogo. Msusi alitoka ukutani akaenda mezani, akatoka mezani akaja kwenye benchi. Siku za benchi alianza na benchi lililolala, akiwa bado hajachoka. Kisha akapandisha kituo cha pili kwa mizunguko michache. Kile cha tatu alikijaribu, bega likalalamika, akakiacha. Kocha akamsifu. "Kila mtu ana pembe yake. Inayokuumiza si yako."

Nami nilikuwa naona mabadiliko. Akininyanyua kitandani hakuhema tena. Jioni aliweza kusuka kichwa cha mwisho kama cha kwanza. Kocha alitufundisha pia kutumia breki za kiti na kukigeuza kiwe kando ya mteremko tukitaka kupumzika. Tulianza kupanda kilima vipande vipande. Mara tulifika kwa mshona nguo, mara tulimpita kidogo. Lakini mpaka juu bila msaada tulikuwa hatujafika, mshona nguo ndiye aliyekuwa akitumalizia.

Siku ikafika. Mwanangu mkubwa alikuja asubuhi na gari, akaliacha chini kwenye barabara kubwa. Aliteremsha begi langu mwenyewe, nguo zangu zote zimo, akaliweka garini. Nililiona likiondoka. Kliniki walinipima, walichosema sikusikia hata neno moja.

Tukasimama chini ya kilima. Mlango wa gari ulikuwa wazi.

"Shemeji," akasema mwanangu mkubwa, "sitaki Mama aumie. Ngoja kwanza mimi nikijaribu hicho kilima chenu, nijue kikoje."

Alivua koti, akashika kiti, akaondoka kwa kasi. Nikamwambia, "Mwenda pole hajikwai." Hakusikia. Alisukuma kwa mikono tu, mgongo umepinda. Hatukufika hata nusu ya njia ya kwenda kwa mshona nguo, akawa anahema. Akafunga breki, akajifuta uso kwa tai.

"Kilima hiki..." akasema, akakosa la kuongeza.

"Nipishe, shemeji," Msusi akasema.

Alisogeza kiti sawasawa. Alisimama karibu, viwiko vimekunjwa, mwili umeegemea mbele kidogo. Nikasikia pumzi yake ikitoka. Breki ikafunguliwa, na kiti kikaenda. Hakikwenda mbio. Kilikwenda tu, bila kusita. Mshona nguo alitoka akasimama mlangoni, tayari kudaka. Tukampita. Hapo nikaanza kumwomba Mungu, kwa sababu mbele ya hapo ndipo njia inapopanda zaidi.

"Mwanangu, pumzika," nikasema.

"Bado, Mama."

Safari hii pumzi yake haikubadilika. Karibu na kona alisimama, akageuza kiti kando, akafunga breki. Mwanangu mkubwa alikuwa nyuma yetu, akanyoosha mkono kusaidia. Nikamkata jicho, akaurudisha. Msusi alivuta pumzi mara chache, akafungua breki, akasukuma tena. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua nilikuwa barazani kwangu, na Kocha na wateja walikuwa wanapiga makofi.

Msusi alikuwa ameloa jasho. Anacheka, analia, vyote pamoja. Nilimshika uso kwa mikono miwili.

Mwanangu mkubwa alifika baadaye kidogo. Alijitupa kwenye benchi la mazoezi, ambalo wateja walikuwa wamelileta barazani, akalala chali bila kuulizwa, anahema. Tulimwacha. Alipopata pumzi alisema, "Shemeji, nimekubali. Mama anakaa hapa."

"Umesema vizuri," nikamwambia. "Sasa inuka, ukaniletee begi langu."

"Begi? Si liko kwenye gari, Mama?"

"Ndiyo."

Alinyanyua kichwa, akakitazama kilima chote mpaka chini.

"Teremka, baba," nikamwambia. "Na ukirudi, chai itakuwa tayari."